Kijiji nacho kipewe fungu lake kisheria
Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI na Waziri wa Fedha

Waheshimiwa Mawaziri,



Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika Mkoa wa Lindi, nikitumikia kwenye kamati ya fedha na mipango. Kamati yetu ina daftari la mapato na matumizi, ina vitabu vya stakabadhi, ina akaunti benki na watia saini wake. Kinachokosekana ni fedha ya kupangia. Kwa hiyo nawaletea ombi moja tu: fungu la kijiji liandikwe ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kiasi chake kijulikane kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na liingizwe moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji kila robo mwaka.

Ugatuaji unaozungumzwa kwenye semina na hotuba karibu wote unaishia makao makuu ya wilaya. Fedha zikitoka Dodoma zikafika kwa mkurugenzi wa halmashauri, hesabu inafungwa kwamba madaraka yamekwenda kwa wananchi. Lakini Katiba yetu, katika ibara ya 146, inasema lengo la kuwepo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi wenyewe, na wananchi wa vijijini serikali yao ya kwanza ni ya kijiji. Halmashauri nchini ni 184. Vijiji ni zaidi ya 12,000.

Tena sheria haikukichukulia kijiji kama kitu cha mapambo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaifanya halmashauri ya kijiji, kijiji kikishaandikishwa, kuwa chombo chenye nafsi yake kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, ambao ndio wenye kauli ya mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imekwenda mbali zaidi, ikaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, mali kubwa kuliko zote tulizonazo. Tumeaminiwa ardhi ya wajukuu wetu. Sioni sababu ya kutoaminiwa shilingi milioni kumi kwa mwaka.

Naomba niwaonyeshe hali ilivyo huku, maana kwenye jedwali la bajeti haionekani. Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Mkutano mkuu ulipitisha kwa kauli moja, kila kaya ikachangia, vijana wakabeba mchanga kutoka korongoni, akina mama wakajaza mapipa ya maji kwa ndoo, tofali zikachomwa na mafundi wa hapahapa wakapandisha kuta mpaka renta. Tuliambiwa tukifika hapo Serikali itamalizia. Hilo ndilo limekuwa agizo la nchi nzima kwa miaka mingi: wananchi waanze, Serikali imalizie. Leo ukiingia ndani ya boma hilo unakuta majani yamefika kiunoni. Mbao za renta zimeliwa na mchwa. Tofali za juu, ambazo hazikupata bati la kuzikinga, zinamomonyoka kila masika, ukizigusa zinabaki na vumbi jekundu mkononi. Kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia wanalala mbuzi. Na mama mjamzito uchungu ukimshika usiku anapakiwa kwenye bodaboda.

Maboma ya namna hii yako nchi nzima, ya zahanati, ya madarasa, ya nyumba za walimu, na wabunge wameyaulizia bungeni mara nyingi. Waheshimiwa, boma lile halikukwama kwa uvivu wa watu wala kwa kukosa mpango. Lilikwama kwa sababu nusu ya pili ya kazi ilitegemea fedha ambayo kijiji hakijui kama itakuja, lini itakuja, wala ni kiasi gani. Kama tungekuwa na uhakika wa shilingi milioni mbili na nusu kila robo mwaka, tusingepandisha kuta zote kwa mkupuo. Tungejenga vyumba viwili, tukaezeka, tukaomba mganga, kisha tukaendelea. Mtu hupanga kwa kutazama anachojua kitaingia. Kijiji kisichojua chochote hujenga kwa matumaini, na gharama ya matumaini hayo imesimama pale bila paa.

Kila mwaka tunapanga mipango. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule tunaouita O&OD, unatutaka tukae kitongoji kwa kitongoji, tuorodheshe shida zetu na vipaumbele vyetu. Tunakaa. Wazee wanatoka shambani, akina mama wanaacha kazi zao. Mpango unakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, unakwenda wilayani, na huko unakutana na ukomo wa bajeti uliokwisha kupangwa kutoka juu. Kinachorudi kwetu ni mradi ambao wakati mwingine hatukuuomba kabisa. Mwaka unaofuata tunaitwa tena kuorodhesha, na mahudhurio yanapungua. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kikaoni kwamba orodha ya mwaka huu waichukue ya mwaka juzi, maana hakuna kilichopungua ndani yake.

Kuna ile asilimia 20. Halmashauri zinatakiwa kurejesha vijijini sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani, na kutoka humo ofisi ya kijiji inunue karatasi, iendeshe vikao, mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, ambao hawana mshahara, wapate posho yao ndogo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kutaja halmashauri zisizorejesha. Sitaki kuwalaumu wakurugenzi moja kwa moja. Mkurugenzi ana madeni ya watumishi, ana mafuta ya gari la wagonjwa, ana lengo la makusanyo ambalo asipolifikia anahojiwa, na ana maagizo mapya kila wiki ya nini kilipwe kutoka mapato ya ndani. Katika foleni hiyo kijiji kinasimama mwisho kwa sababu hakina sheria ya kukisemea.

Chukulieni mfano wa korosho, zao linalotulisha sisi watu wa kusini. Ushuru wa zao hilo ni asilimia 3 ya bei. Kisheria anaulipa mnunuzi, ingawa mkulima anajua kwamba umekwisha kupigiwa hesabu kwenye bei anayopewa. Korosho ikiuzwa mnadani shilingi 3,000 kwa kilo, ushuru ni shilingi 90. Kijiji kilichopeleka ghalani tani 200 kimezalisha shilingi milioni 18 za ushuru. Asilimia 20 yake ni shilingi milioni 3 na laki 6. Hizo ni bati, ni mbao, ni misumari. Na katika mfumo wa stakabadhi ghalani hakuna kisingizio cha kutojua mzigo umetoka wapi, kwa sababu kila kilo inaandikwa kwa jina la chama cha msingi kilichoipeleka. Mashine za POS nazo na mfumo wa TAUSI zinajua nani kakusanya nini na wapi. Kwa hiyo hesabu ya kila kijiji inaweza kupigwa bila kumsumbua mtu. Mkulima anayeona ushuru wake ukirudi kama paa la zahanati hahitaji kukimbizwa na mgambo kwenye kizuizi cha barabarani.

Sasa linganisheni na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi ilikuwa maagizo tu, na halmashauri nyingi zilitoa zikijisikia. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Tangu hapo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kanuni zikatungwa, wakaguzi wakawa na kipimo cha kukagulia, na mkurugenzi asiyetenga akawa amevunja sheria. Mambo hayakunyooka yote: vilijitokeza vikundi hewa na mikopo isiyorudi, mpaka Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji ili kupanga upya utaratibu. Lakini mwaka 2024 mikopo ilirejea. Haki iliyoandikwa kwenye sheria ilikwama, ikatengenezwa, ikarudi. Fedha ya kijiji inayosimama juu ya mwongozo ikikwama, hakuna anayelazimika kuitafuta. Ninachoomba kwa kijiji ni kile kile kilichokwisha kufanyika kwa vikundi, na mlango wake mnaujua.

Najua jibu la kwanza litakalokuja mezani kwenu: vijiji vitakula hizo fedha. Nalichukua jibu hilo kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe naishi huku. Viko vijiji ambavyo mkutano mkuu wa kusomewa mapato na matumizi haujaitishwa mwaka mzima, wakati sheria inataka kila miezi mitatu. Wako watendaji waliotumia makusanyo ya mashine kabla hayajafika benki. Hilo halifichiki. Lakini tutazameni pia kilichotokea pale Serikali ilipolazimika kutuamini.

Mwaka 2021, katika mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, Serikali ilihitaji vyumba 12,000 vya madarasa ya sekondari ndani ya miezi michache ili kidato cha kwanza cha 2022 kiingie chote kwa mkupuo. Haikuita makandarasi wakubwa. Fedha, shilingi milioni 20 kwa chumba, zilishushwa chini, zikaundwa kamati za manunuzi, za mapokezi na za ujenzi, na humo walikaa wanakijiji. Fundi wa kijijini akapewa kazi. Mjumbe wa kamati ya mapokezi alikuwa anasimama pale gari linaposhusha saruji, anahesabu mfuko kwa mfuko, anaandika, ndipo anatia saini. Vyumba vikasimama. Wakati mlipokuwa na haraka, mliona kwamba mtu wa kuulinda mfuko wa saruji ni yule ambaye mtoto wake atasoma ndani ya darasa lile.

Shule zetu za msingi zinatoa somo la pili, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi. Katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka iligawanywa: 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Shule ya watoto 400 inapata shilingi milioni 2 na laki 4 kwa mwaka, laki mbili kwa mwezi. Ni fedha kidogo mno. Hata hivyo mwalimu mkuu anaijua. Anajua mwezi huu atanunua chaki, mwezi ujao atarekebisha madawati, na anabandika hesabu kwenye ubao wa matangazo ambapo mzazi yeyote anasimama na kusoma. Zahanati nazo, tangu fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilipoanza kupelekwa vituoni moja kwa moja katika mwaka wa fedha 2017/18, zina mpango wao, zina mfumo wao wa kihasibu wa FFARS, na kamati ya usimamizi inakaa kuamua dawa gani inunuliwe. Kwa hiyo ndani ya kijiji kimoja shule ina fungu lake, zahanati iliyobahatika kukamilika ina fungu lake, na serikali ya kijiji, inayopaswa kuviangalia vyote hivyo, ndiyo pekee isiyo na kitu.

Hapa Lindi tuna ushahidi mwingine tunaojivunia. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yatokanayo nao. Wilayani Kilwa, vijiji kama Kikole na Nanjirinji vilifanya hivyo, vikavuna mbao zao kwa mpango, na mapato yakaingia kwa kijiji chenyewe. Wanakijiji waliamua wenyewe kwenye mkutano mkuu fedha zifanye nini. Ukitaka kuona mahudhurio ya mkutano wa kijiji yanavyopanda, nenda mahali ambapo ajenda ya fedha ina fedha ndani yake. Watu wanakuja mapema, wanauliza maswali makali, mwenyekiti anatoka jasho. Uwajibikaji mnaotaka kuuona kabla ya kutupa fedha huzaliwa na hiyo fedha yenyewe.

Na kama bado mna wasiwasi, njia ya kuupunguza Serikali yenyewe iliwahi kuijaribu. Mwaka wa fedha 2004/05 ilipoanza ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri, hazikupewa zote kienyeji. Kila halmashauri ilipimwa kwa vigezo vilivyojulikana: vitabu vya hesabu, vikao, ukaguzi. Iliyoshindwa ilikosa ruzuku mwaka huo, ikasaidiwa kujijenga, ikapimwa tena. Fanyeni hivyo kwa vijiji. Kijiji kisicho na muhtasari wa mkutano mkuu uliosomewa mapato na matumizi ya robo iliyopita, kisipate robo inayofuata. Muhtasari ubandikwe ofisini, nakala iende kwa mtendaji wa kata. Sharti moja kama hilo litaitisha mikutano mingi kuliko barua zote za kutukumbusha.

Kuhusu uwezo wa nchi, naomba tupige hesabu pamoja. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2015 kila kijiji kiliahidiwa shilingi milioni 50. Ahadi ile haikutekelezwa, na huku vijijini watu hawajaisahau. Mkiigawa kwa miaka mitano inakuwa shilingi milioni 10 kwa kijiji kwa mwaka. Kwa vijiji takribani 12,300 ni shilingi bilioni 123. Bajeti ya Taifa ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Tunazungumzia kiasi kisichofika robo ya asilimia moja. Halmashauri zenye mapato makubwa zinaweza kukibeba kiasi hicho zenyewe kutoka kwenye ile asilimia 20. Zile zenye mapato madogo, Hazina ijazie, kama ilivyokubali tangu 2021/22 kubeba posho za mwezi za madiwani katika halmashauri 168 na kuziacha 16 zenye uwezo zijilipie. Utaratibu wa kutofautisha wenye nacho na wasio nacho mnao tayari.

Naomba pia mtazame upande ambao mambo yamekuwa yakielekea. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilifutwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kusema kuwa lile lilikuwa kosa. Zilirudi kwa sheria za 1982. Tangu hapo majukumu na vyanzo vimekuwa vikishuka na kupanda. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003, na kwa mkulima ule ulikuwa mzigo uliostahili kufutwa, lakini fidia iliyoahidiwa kwa halmashauri haikuwahi kuwa ya kutegemewa. Kodi ya majengo ilihamia TRA 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme. Barabara za wilaya zilikwenda TARURA 2017, maji vijijini yakaenda RUWASA 2019. Sisemi TARURA na RUWASA hazifanyi kazi. Kwetu kisima cha RUWASA kinatoa maji. Nasema kwamba kila jambo linalopanda juu linamwacha diwani na mwenyekiti wa kijiji wakiulizwa maswali ambayo hawana fungu la kuyajibia. Daraja la miti likisombwa, watu wanaenda nyumbani kwa mwenyekiti, wala hawaendi ofisi ya wakala. Fungu la kijiji lingemwezesha mwenyekiti kununua magogo na misumari siku hiyo hiyo, wakati mhandisi bado anaandaa makadirio.

Jambo la mwisho ni dogo lakini linaumiza. Fedha inayotufikia Juni haitufai. Mwaka unafungwa tarehe 30, mifumo inafungwa, na kijiji hakina mhasibu wa kuandika maombi ya kubaki na bakaa. Kijiji kinachopata fedha wiki mbili kabla ya mwaka kufungwa ama kitanunua kitu cha haraka kisichohitajika, ama kitaipoteza. Kwa hiyo sheria iseme wazi kwamba fungu la kijiji likishaingia kwenye akaunti yake ni la kijiji, na lisilotumika linavuka mwaka. Bila hilo tutakuwa tumepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine, tena sisi ambao ujenzi wetu unategemea kiangazi, maana masika barabara hazipitiki na tofali hazikauki.

Nawaomba basi, kabla ya mwongozo wa bajeti ujao kutolewa, mpeleke bungeni marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yenye mambo manne: kiwango cha fungu la kijiji, tarehe za kulitoa kila robo mwaka, sharti la muhtasari wa mkutano mkuu, na haki ya bakaa kuvuka mwaka. Wakati marekebisho yakisubiriwa, waraka mmoja wa TAMISEMI unaweza kumtaka kila mkurugenzi abandike kwenye ofisi ya kila kijiji ushuru uliokusanywa kutoka kijiji hicho mwaka uliopita na kiasi kilichorejeshwa. Kazi hiyo haihitaji Bunge wala fedha. Takwimu ziko kwenye mfumo. Nakala ya barua hii naielekeza pia kwa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, kwa sababu wao huwahoji wakurugenzi kila mwaka, na swali la asilimia 20 wanaweza kuliuliza kijiji kwa kijiji.

Mkutano mkuu wetu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Jibu lenu, liwe la kukubali, la kukataa au la kutaka maelezo zaidi, litasomwa mbele ya wanakijiji wote na kuingizwa kwenye muhtasari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Fedha na Mipango,
Halmashauri ya Kijiji, Mkoa wa Lindi